Mwanamke wa Mlangoni

Ishani alifika Kot Jandu akitafuta nyumba ambayo haijaguswa tangu mwaka wa arobaini na saba. Alikuwa ameshazunguka karibu wilaya nzima ya Gurdaspur, na kila kijiji alichoingia alikuta majumba ya saruji yenye matangi ya maji ya umbo la ndege juu ya paa, jasho la watoto walioko Kanada. Nyumba yetu ilikuwa bado ya matofali membamba ya zamani, ua katikati, zizi nyuma, na juu ya lango ubao uliochongwa maandishi ya Kiarabu. Mume wangu, Mehtab, alitaka kuivunja tangu tulipooana. Baba yake, Ujagar Singh, ambaye sote tulimwita Bapu, alikuwa akimjibu neno lile lile: "Nikishakufa."

"Baba, hii ndiyo nyumba yangu," Ishani alisema, ameshika kiuno katikati ya ua kama mtu aliyekuja kununua nyati. Alikuwa mwongozaji wa filamu kutoka Mumbai, nywele kazikata fupi, na Kipunjabi chake kilichanganyika na Kihindi cha mjini.

"Yako kivipi?" Bapu aliuliza. "Sisi tukalale wapi?"

"Kwenye filamu, Baba. Nataka kupigia picha hapa. Ni filamu ya ile fujo."

Ile fujo ndivyo wazee wetu wanavyouita mwaka ule nchi ilipokatwa, Waislamu wakaenda ng'ambo ya mto Ravi, sisi Masingasinga na Wahindu tukaja huku, na watu wakafa barabarani kama nzige.

"Nyie watu wa sinema mnataka damu tu," Bapu akasema. "Nendeni mkachinje kuku huko Mumbai." Akageukia ukutani juu ya kitanda chake cha kamba.

Nilimpa mgeni chai, kwani nyumba yetu haijawahi kumtoa mtu bila chai. Ishani akavuta kigoda, akakaa, akaanza kuuhadithia mgongo wa Bapu filamu yake. Familia ya Kiislamu inafunga nyumba kwa kufuli na kuondoka. Halafu wanakuja wakimbizi wa Kisingasinga kutoka upande wa pili, wanavunja kufuli, wanaingia kwenye nyumba tupu. Sakafuni wanakuta mwanasesere wa mtoto.

"Haikuwa tupu," Bapu alisema, mgongo ukiwa bado kwetu.

"Nini, Baba?"

"Nyumba. Haikuwa tupu. Na hapakuwa na mwanasesere."

Mehtab alikuwa ametokea zizini na ndoo ya maziwa. Aliiweka chini, akasimama. Alikuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya hamsini, na hakuwahi kusikia neno hilo. Bapu aligeuka taratibu, akaketi, akajifunga kilemba vizuri, na akasimulia.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Walitoka Sheikhupura kwa miguu, katika msafara wa mikokoteni ambao mwanzo wake hauonekani wala mwisho. Dada yake mdogo alikufa kwa kipindupindu karibu na daraja, wakamfunika kwa matope maana hapakuwa na muda wa zaidi ya hapo. Walipofika Kot Jandu waliambiwa nyumba za Waislamu ziko wazi, kila mtu achague. Baba yake akasukuma lango hili hili kwa bega, upanga mkononi, kwa sababu walikuwa wamesikia kuna watu wanaojificha.

Ndani palikuwa na bibi mnene amekaa mbele ya jiko, anageuza chapati.

"Alimtazama baba kuanzia miguuni mpaka kwenye upanga," Bapu alisema. "Akamwambia, 'Hicho kiache nje. Nyumbani kwangu watu hawaingii na vyuma.' Na baba yangu, mtu aliyekuwa ameona yote aliyoyaona njiani, akatoka akauweka nje. Halafu yule bibi akamuuliza mama, 'Mmekula lini mara ya mwisho?' Mama akakaa chini pale pale, akaanza kulia. Bibi akaongeza unga."

"Alikuwa nani?" Ishani aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mwenye nyumba. Anaitwa Bhagbhari."

Mwanawe, mkewe na wajukuu walikuwa wameondoka alfajiri ya siku ile. Bibi Bhagbhari alijificha kwenye stoo ya majani ya nyati mpaka msafara ukapita, kwa sababu hakutaka kwenda. Alisema magoti hayamfikishi, na mumewe amezikwa hapa, na nani amemwambia Lahore kuna hewa. Mwanawe alimwita na kumtafuta mpaka watu wakamvuta kwa nguvu.

Basi wakaishi wote. Wao walilala chumba cha mbele, yeye cha nyuma. Majirani waliojua wakanyamaza, maana wengine aliwazalisha kwa mikono yake. Baridi ilipoanza, lori la jeshi la Pakistan likaja kijijini kukusanya Waislamu waliobaki. Ofisa mmoja alisimama langoni akasoma jina kamili la bibi na la mwanawe. Mama yake Bapu ndiye aliyetoka.

"Alisemaje?" Ishani aliuliza.

"Alisema, 'Huyo amekufa.'" Bapu akapangusa mdomo. "Bibi alikuwa stooni, mimi nimekaa naye, ameziba mdomo wake kwa shuka. Alimwomba mama aseme hivyo. Aliishi nasi miaka mingine minne. Kifua kikamwondoa. Tulimzika shambani. Sala yao hatukuijua, na aliyeijua hakubaki kijiji kizima. Baba akasimama akasoma yetu, akasema Mungu atatafsiri mwenyewe."

Kwenye kona ya shamba letu la ngano kuna tuta dogo ambalo trekta hulizunguka. Tangu niolewe, kila Alhamisi nilipeleka taa ya mafuta pale kama mama mkwe alivyonifundisha. Kijijini husema ni kaburi la mtakatifu fulani. Mimi nilishawahi hata kumwomba mtoto wa kiume, nikampata.

"Bapu, kwa nini hukutuambia?" Mehtab aliuliza.

"Mliniuliza?"

Ishani aliitupa hadithi yake ya kufuli na mwanasesere. Bapu alikubali, kwa masharti mawili: jina la bibi libaki lile lile na la kijiji lile lile. Kisha akaongeza la tatu, kwamba asije mtu akaimba katikati ya shamba la haradali.

Walipofika na magari yao, kijiji kizima kilitaka kuigiza. Tatizo ni kwamba kila mmoja alitaka kuwa mkimbizi na hakuna aliyetaka kuwa mshambuliaji. Mzee wa kijiji alimwambia Ishani bila kupepesa macho kwamba washambuliaji walitoka vijiji vingine. "Kila kijiji ninachokwenda wananiambia hivyo," Ishani alijibu. "Sijui hivyo vijiji vingine vilikuwa wapi." Watu wakacheka, kisha hawakucheka.

Wa kumwigiza Bibi Bhagbhari aliletwa kutoka Delhi, mwanamke mzuri, mwembamba, mwenye mvi zilizochanwa vizuri na sauti ya kubembeleza. Bapu alimtazama akipindua chapati kwa vidole viwili.

"Huyu hajawahi kushiba maishani mwake," alininong'oneza.

"Bapu, ni mwigizaji mkubwa."

"Mkubwa wapi? Bhagbhari alikuwa akikaa kigodani, kigoda hakionekani."

Siku ya tatu, mwigizaji wa mama yake Bapu aliamka na homa ya matumbo, akakimbizwa Amritsar. Ishani alizunguka ua akiwa ameshika kichwa, kisha akaniona mimi, unga mpaka kwenye viwiko.

"Wewe," akasema. "Parneet. Simama langoni."

"Mimi? Sijawahi hata kusoma shairi shuleni!"

"Una maneno mawili tu. Huyo amekufa. Basi."

Walinivalisha shali la sufu lililochakaa. Kijana aliyeigiza ofisa wa jeshi alisimama mbele yangu na karatasi. Nikasema, "Huyo amekufa." Ishani akasema turudie. Nikarudia kwa huzuni, nikarudia kwa hasira, nikarudia mpaka maneno yakawa kama kokoto mdomoni. Bapu alikuwa ameketi nyuma ya kamera kwenye kiti walichompa chenye jina lake. Mwishowe akasema, bila kunyanyua sauti, "Mama hakumtazama yule ofisa. Aliangalia viatu vyake."

Niliangalia viatu. Vilikuwa na vumbi jekundu. Nikafikiri mtu mwenye viatu hivi ametoka mbali kumtafuta bibi wa mtu, na nyuma yangu, stooni, bibi mwenyewe anapumua. Nikasema. Sauti iliyotoka siijui ilikuwa ya nani. Ishani hakusema turudie. Nilipogeuka, kiti cha Bapu kilikuwa kitupu. Nilimkuta zizini anamkuna nyati shingo.

"Umesema kama yeye," aliniambia.

Filamu ilizunguka kwenye matamasha, ikapata kikombe mahali fulani Ulaya, kisha Ishani akaiweka mtandaoni kila mtu aione bure. Kwetu alikuja kuionyesha mwenyewe kwenye ukuta wa shule. Wanawake walilia mpaka wengine wakasahau watoto. Nilijiona, uso mkubwa kama mlango, nikajifunika macho. Bapu aliitazama mpaka mwisho na kutoa hukumu yake: "Nzuri. Ila bibi ni mwembamba mno."

Nilidhani yameishia hapo. Miezi ikapita, tukavuna ngano, tukapanda mpunga. Ndipo Ishani akanipigia.

"Parneet, umekaa? Kuna binti mmoja ameniandikia kutoka Faisalabad, Pakistan. Anaitwa Rimsha, ni mwalimu. Aliitazama filamu na nyanya yake. Nyanya yake ni Hashmat. Hashmat binti wa mwana wa Bhagbhari."

Siku ya Jumapili, baada ya chai ya saa nne, tulikaa uani, Bapu katikati, mimi nimeshika simu, Mehtab nyuma yetu. Kwenye kioo akatokea ajuza mwenye shali jeupe, pua ndefu, macho makali. Hakusalimia.

"Yule mwanamke wa mlangoni yuko wapi?"

Bapu alinitazama. Nikaisogeza simu usoni kwangu. "Ni mimi, Mama. Lakini nilikuwa naigiza tu. Aliyesema kweli ni..."

"Najua kuigiza ni nini, mimi si mjinga. Nataka kukuangalia tu." Akaniangalia. Sikujua niweke wapi macho. "Haya. Mpe mzee."

Bapu akaishika simu kwa mikono miwili, akatoa salamu yetu. "Dada Hashmat, sat sri akal."

"Wa alaikum salaam. Sikiliza, maana nikinyamaza sitaweza tena. Baba yangu ndiye aliyeandikisha jina lake kwa wale wanajeshi. Kila lori lilipokuja Lahore alikuwa anasimama kambini, anachungulia ndani moja moja. Lilipokuja la Gurdaspur, yule ofisa akamwambia, 'Wamesema amekufa.' Baba akauliza, 'Nani kasema?' Akaambiwa, 'Mwanamke aliyekuwa nyumbani kwako.' Wewe ungeelewaje?"

Bapu aliisogeza simu karibu zaidi.

"Tulielewa mmemuua. Kilemba langoni, mama hayupo, ungeelewaje? Baba aliishi miaka thelathini baada ya hapo. Kila Ijumaa akitoka msikitini aliwalaani watu wa nyumba ile. Watoto wenu, mifugo yenu, macho yenu. Na sisi tumekaa mkekani tunaitikia amina. Alipokufa nikaendelea mimi. Na bibi alikuwa hapo anawapikia!"

"Miaka minne," Bapu alisema.

"Miaka minne. Baba angekuja kwa magoti."

Mehtab aliondoka akaenda kusimama langoni. Kwenye simu nilisikia feni ya Faisalabad ikizunguka, na mtu mwingine, Rimsha labda, akivuta kamasi.

Hatimaye Hashmat akauliza, "Alikufaje?"

"Kifua. Ilikuwa asubuhi. Mama yangu alikuwa amemwegemeza hapa." Bapu akagusa bega lake.

"Alitulilia?"

Bapu alifikiri. Angeweza kusema ndiyo, lingekuwa jibu jema. "Kulia sikumwona. Alikuwa akitukana. Alimtukana baba yako kwa kuondoka, na gavana, na magoti yake. Wewe alikutaja sana. Alikuwa anasema, 'Yule Hashmat na pua ile, sijui huko nani atamwoa.'"

Ajuza akafunika mdomo. Mabega yakatikisika, tukadhani analia. "Nimeolewa mara mbili!" akapiga kelele. "Mara mbili, ewe bibi! Na wa pili alikuwa na duka!"

Bapu akacheka mpaka kilemba kikalegea. Kisha kioo kikawa cheusi. Alikuwa amekata simu, hakuaga.

Hakupiga tena wiki ile wala iliyofuata. Bapu aliiweka simu yangu kando ya mto wake, akawa ananiuliza kama betri imejaa. "Amekasirika," nilimwambia. "Ana haki," alijibu. "Mtu akiambiwa amelaani watu bure miaka sabini, hatakuja anakimbia." Majirani waliotutania kwamba Bapu amepata mchumba Pakistan aliwatazama tu.

Halafu Rimsha akaandika. Nyanya amesema serikali zimefungua njia ya kwenda Kartarpur. Atakuwa hapo Jumamosi ya pili ya Januari. Huyo mzee akitaka aje, asipotaka asije.

Kartarpur ni hekalu letu lililobaki ng'ambo ya mpaka. Miaka yote tulikuwa tunapanda jukwaa la walinzi na kuyatazama makuba yake meupe kwa darubini, karibu hivi na huwezi kugusa. Sasa Mhindi mwenye pasipoti aliruhusiwa kuvuka asubuhi, asali, arudi jioni. Mpakistan naye anafika hapo hekaluni, lakini kwetu havuki. Mehtab hakuwa na pasipoti, kwa hiyo tulikwenda mimi na Bapu, kiti chake cha magurudumu nikikisukuma juu ya marumaru nyeupe, miguu peku, baridi inauma nyayo, ukungu umefunika kila kitu. Alikuwa amevaa kilemba chake cha harusi za watu.

Tulimwona kabla hajatuona. Alikuwa ameketi karibu na kisima na binti aliyevaa miwani. Bapu akaniambia nisimamishe kiti. Akainuka, akaenda mwenyewe kwa fimbo.

Hashmat naye akainuka. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani. Walisimama wakatazamana, na watu waliokuwa wakipita, Masingasinga na Waislamu, wakapunguza mwendo, maana siku hizo kila mtu alijua watu waliotenganishwa na ile fujo wanapokutana pale inakuwaje. Kisha yule ajuza akanyanyua mkono akampiga Bapu kofi. Halikuwa la nguvu, lakini lililia. Mlinzi akapiga hatua moja mbele.

"Hilo ni la baba yangu," Hashmat alisema.

"Sawa," Bapu akajibu.

Ndipo akamkumbatia, uso wake umefika kifuani mwa Bapu tu, na wakakaa hivyo mpaka mlinzi akatazama pembeni.

Tulikwenda kula kwenye ukumbi wa hekalu, ambako kila mtu huketi sakafuni kwa safu na kuletewa chapati na dengu. Hashmat aliketi kati yangu na Bapu, akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku. "Ulisema vizuri mno yale maneno. Nilikuchukia. Rimsha alisimamisha filamu akanipa maji." Akanimegea kipande cha chapati yake, nikala.

Rimsha alitoa simu, wakaitazama filamu tena wote wawili, vichwa vimegusana. Kila akitokea yule mwanamke wa Delhi waliguna pamoja.

"Huyu ni nani sasa? Malaika?"

"Nilimwambia yule binti wa Mumbai. Nikamwambia, mnenepeshe kidogo."

"Na sauti hii! 'Karibuni, wanangu.' Bibi yangu aliwahi kusema karibuni, wanangu?"

"Alisema, 'Njooni mle, mizigo nyie, kabla sijawapa mbwa.'"

"Ndiye huyo! Ndiye huyo hasa!" Hashmat akampiga Bapu begani. Wakaanza kushindana kwa matusi ya Bibi Bhagbhari, ya nyati aliyekataa kukamuliwa, ya jogoo wa jirani, ya mvua, mengine machafu kiasi kwamba Rimsha aliangalia kulia na kushoto akiomba wahudumu wasisikie. Yapo ambayo Hashmat aliyajua nusu na Bapu akamalizia.

Ikafika kile kipande changu cha langoni. Hashmat akagusa kioo, picha ikasimama, uso wangu umeinama juu ya viatu.

"Ujagar," alisema, na sauti ilikuwa imetulia kabisa. "Niambie kitu kimoja. Humu kwenye filamu mama yako anasema amekufa kwa sababu bibi kamwomba. Ndivyo ilivyokuwa?"

"Alimwomba, ndiyo."

"Sikukuuliza kama alimwomba. Bibi yangu alikuwa anaomba mambo mengi. Nauliza mama yako alisema kwa sababu gani."

Bapu aliacha kula. Aliiweka chapati chini polepole. Mimi nilikuwa nimeishi naye zaidi ya miaka ishirini na mitano, na sikuwahi kumwona akitafuta maneno hivyo.

"Mama yangu alimwacha mama yake Sheikhupura," alisema. "Alikuwa hawezi kutembea, wakamwacha kwenye kitanda na mtungi wa maji. Na yule mdogo wetu tukamwacha darajani. Alipofika hapa hakuwa anasema, hakuwa anachana nywele. Bibi yako ndiye aliyemlisha, akamchana, akamtukana mpaka akaamka. Lile lori lilipokuja... dada, bibi alimwomba, ni kweli. Lakini hata asingeomba, mama angesema vile vile. Asingeweza kubaki bila mama tena."

"Huyu wa Mumbai hukumwambia hayo."

"Sikumwambia. Sijawahi kumwambia mtu. Hata mwanangu hajui."

Hashmat alisogeza sahani yake. Mhudumu akapita na ndoo ya dengu, akamwongezea bila kuulizwa. "Kwa hiyo alimchukua mama wa baba yangu," alisema mwishowe, "kwa kuwa wake alimwacha."

"Ndiyo."

"Na baba yangu akabaki bila."

"Ndiyo, dada."

Alichukua shali lake akajifuta macho, kisha pua, kisha akakunja ncha yake vizuri. "Mama yako alikuwa anaitwa nani?"

"Isar Kaur."

"Sikuwa najua jina. Nilikuwa namlaani bila jina." Akamega chapati. "Haya, kula. Chakula kinapoa."

Hakusema amesamehe, na Bapu hakuomba. Walikula mpaka wakamaliza, wakanywa chai, wakapigwa picha nyingi na watu wasiowajua. Saa ya kurudi ilipofika, Hashmat alitusindikiza mpaka mahali ambapo Mpakistan haruhusiwi kupita. Alitaka kuja kuliona kaburi, na hilo halikuwezekana bila viza, na viza kwa mtu wa umri wake kutoka Faisalabad ni kama kuomba mbingu ishuke. "Basi utanipeleka kwa simu," aliniambia. "Wewe, si yeye. Yeye mikono inatetemeka, nitaona mawingu tu."

Nilimpeleka Alhamisi iliyofuata. Nilichuchumaa kando ya tuta, simu nimeielekeza ardhini, Bapu na Mehtab wamesimama nyuma yangu wamefunika vichwa. Hashmat alisoma sala yao taratibu, yote, kutoka kwenye kitanda chake huko ng'ambo. Ngano ilikuwa bado fupi, ya kijani. Alipomaliza aliuliza kama maji ya umwagiliaji hayatuami pale, nikamwonyesha mfereji, akaridhika.

Mwezi Machi ugonjwa wa korona ukaingia, mipaka yote ikafungwa, ile njia ya Kartarpur nayo. Hawakuonana tena. Walizungumza kwenye simu karibu kila asubuhi, wakilalamikia magoti na bei ya unga. Mara moja walinuniana kwa sababu ya kriketi. Bapu alimweleza Mehtab habari ya Isar Kaur na lile lori mwenyewe, wakiwa wanakata majani ya nyati, na Mehtab hakuzungumza tena habari ya kuivunja nyumba.

Majira ya baridi yaliyofuata Bapu alilala baada ya chakula cha mchana, hakuamka. Ilinibidi nimpigie Hashmat mimi. Nilipomwambia alisema maneno ya kwao, kwamba sote ni wa Mungu na kwake tutarejea, kisha nikasikia ile feni tu.

"Shangazi?" nilimwita. Sijui lini nilianza kumwita hivyo. "Upo?"

"Nipo. Umemfunga kilemba kizuri?"

"Kile cha Kartarpur."

"Vizuri." Akavuta pumzi. "Sikiliza, Parneet. Mimi sasa sina mtu mwingine huko, ni wewe tu. Kwa hiyo usiwe na zile tabia za vijana za kutopokea simu."

"Nitapokea, Shangazi."

"Watu wamejaa hapo kwenu sasa, sivyo? Waombolezaji. Unawapikia nini?"

"Dengu na wali."

"Weka tangawizi nyingi, kuna baridi. Na wewe mwenyewe ule, usije ukawa mwembamba kama yule mwanamke wa Delhi. Nenda. Nitapiga kesho."